Mafuta ya Nazi Yanaua Vijidudu Gani Hasa?

Ukipita asubuhi ya Julai kwenye vibanda vya mafuta vya soko la Kirumba, Mwanza, utakuta chupa za mafuta ya nazi zimekuwa nyeupe na ngumu hadi shingoni. Mteja aliyenunua jana mchana, yakiwa maji, anarudi na chupa mkononi. "Mama, haya umenichanganyia na mafuta ya mgando." Mama anaipokea na kuisogeza upande wa jua. "Kaa kidogo mwanangu, ikifika saa tano utayaona yenyewe."

Mara nyingi mama ana haki. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hadi 26 hivi. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka chini ya nyuzi 20. Kwa hiyo mafuta yaliyokaa Dar es Salaam miezi ya joto bila kuganda hata siku moja yakifika huku ziwani yanaganda kila alfajiri na kuyeyuka kila mchana. Kuganda peke yake hakuonyeshi kwamba yamechakachuliwa. Alizeti ikichanganywa ndani yake huonekana, kwa sababu yenyewe haigandi kwa baridi ya Mwanza wala ya friji, na chupa hubaki na sehemu ya maji au uji usioshikana. Mafuta ya mise, yaani ya mbegu ya mchikichi, yakichanganywa hutagundua kwa njia hiyo, maana nayo huganda karibu kwenye joto lile lile.

Nimeanza na kuganda kwa sababu umbile linaloyagandisha mafuta haya ndilo hilo hilo linalofanya yasemwe kwamba yanaua vijidudu. Na yanasemwa mengi. Kuanzia Igoma hadi Ukerewe utaambiwa yanatibu fangasi, chunusi, vidonda vya tumbo, taifodi, kichocho, na siku hizi hata virusi vya Ukimwi. Baadhi ya madai hayo yana msingi wa kweli kabisa wa kikemia. Mengine yanaweza kumpeleka mtu kaburini. Na yote hutoka kwenye ukweli ule ule mmoja ulionukuliwa nusu, ndiyo maana inafaa tuufungue wote.

Mafuta yote ya kula, yawe alizeti ya Singida, mawese ya Kigoma au pamba ya Shinyanga, yamejengwa kwa molekuli zinazoitwa trigliseridi. Trigliseridi moja ina umbo kama la chanuo lenye meno matatu. Mgongo wa chanuo ni gliseroli, na kila jino ni asidi ya mafuta, yaani mnyororo wa atomi za kaboni zilizoshikana. Mgongo ni ule ule kwa mafuta yote. Tofauti iko kwenye meno: ni marefu au mafupi, yamenyooka au yamepinda.

Meno ya alizeti mengi yana kaboni 18 na yamepinda, kwa hiyo molekuli zake hazipangiki zikabanana, na mafuta hubaki maji. Ya nazi ni kinyume. Kama asilimia 90 ya asidi zake zimenyooka, hupangika vizuri na kuganda. Lakini mengi ni mafupi, na ndiyo maana yakishaganda huyeyuka hata kwa joto la kiganja, tofauti na mafuta ya ng'ombe yanayohitaji moto.

Viwango vya kimataifa vya chakula, vinavyoitwa Codex, vinataja mafuta ya nazi yawe na nini ndani. Asidi ya lauriki, yenye kaboni 12, huchukua asilimia 45 hadi 53. Ya miristiki, yenye kaboni 14, ni 17 hadi 21. Ya palmitiki ni 8 hadi 10. Halafu kuna mbili fupi zaidi: ya kapriliki yenye kaboni 8, na ya kapriki yenye kaboni 10, kila moja ikiwa kati ya asilimia 5 na 10. Yaliyobaki ni steariki kidogo, oleiki kidogo, na linoleiki ya kugusa tu. Karibu nusu ya chupa, basi, ni asidi moja: lauriki. Ni mafuta machache sana ya kula yenye lauriki kwa wingi huo. Mafuta ya mise, yanayotoka kwenye kiini cha mbegu ya mchikichi, yana kiasi kama hicho hicho, ilhali mawese mekundu yanayotoka kwenye nyama ya chikichi lile lile yana kidogo mno. Mtu anayekwambia mawese yanaua vijidudu kama nazi amechanganya sehemu mbili za tunda moja. Samli nayo, ambayo Wasukuma wamejipaka vizazi na vizazi, ina lauriki kama asilimia 3 tu.

Sasa tuje kwenye kuua. Mwaka 1972 mtafiti Jon Kabara wa Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya kupima asidi za mafuta nyingi moja baada ya nyingine dhidi ya bakteria na fangasi. Kati ya asidi zilizonyooka, iliyotia fora ilikuwa lauriki. Na kitu kilichoizidi hata yenyewe ni monolaurini, yaani gliseroli iliyobakiwa na jino moja la lauriki baada ya mengine mawili kuondolewa.

Namna inavyofanya kazi ni hivi. Kila bakteria amezungukwa na utando mwembamba ambao nao umetengenezwa kwa mafuta. Asidi ya lauriki ina ncha moja inayopenda maji na mkia unaopenda mafuta, na mkia huo una urefu wa kutosha kujichomeka kwenye utando bila kuwa mrefu mno kiasi cha kushindwa kuyeyuka na kumfikia bakteria. Ikijichomeka, utando hulegea, vilivyomo ndani huanza kuvuja, na mfumo wa bakteria wa kujitengenezea nguvu huvurugika. Hufa. Kaboni 12 ni urefu wa kati, na hapo ndipo asidi hizi huwa na makali zaidi.

Rudi kwenye sentensi hiyo ya mkia na ncha. Asidi inapata ncha inayopenda maji pale tu inapokuwa imetengana na gliseroli, au imebaki peke yake juu yake kama kwenye monolaurini. Kwenye mafuta yaliyo chupani haijatengana. Meno matatu yote yameshikwa na mgongo, ncha zimefungwa, na trigliseridi nzima haipendi maji hata kidogo. Maana yake ni kwamba mafuta ya nazi kama yalivyo kwenye chupa ya Kirumba karibu hayaui chochote. Yana malighafi ya kuua.

Hili limepimwa. Mwaka 2012 watafiti wa Ireland, kwenye Athlone Institute of Technology, walijaribu mafuta ya nazi dhidi ya bakteria wa mdomoni wa jamii ya Streptococcus, wakiwemo wanaotoboa meno. Mafuta ya kawaida hayakuwazuia. Mafuta yaliyokuwa yamekatwakatwa kwanza na vimeng'enya, kwa mfano wa mmeng'enyo wa tumboni, yaliwazuia wengi wao. Mwaka uliofuata utafiti mwingine ulipata jambo lile lile kwa bakteria wa utumbo anayeitwa Clostridium difficile: mafuta mazima hayakumfanya kitu, yaliyovunjwa yalimzuia. Ukisoma tangazo lolote linalosema "imethibitishwa maabara", uliza kwanza: kilichowekwa kwenye kisahani cha maabara kilikuwa mafuta, au asidi iliyokwisha kutolewa ndani ya mafuta? Karibu kila mara ni asidi. Hata lile jambo la chunusi, ambapo watafiti wa California mwaka 2009 walikuta kwamba lauriki huzuia bakteria wa chunusi kwa kiwango kilicho chini zaidi ya mara 15 kuliko dawa ya benzoili peroksaidi, lilihusu asidi tupu. Mafuta yenyewe usoni huziba vinyweleo vya watu wengi na kuongeza chunusi.

Basi nani anayavunja mafuta? Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya vinavyoitwa lipesi. Tumboni vipo kiasi, na kwenye utumbo mwembamba kongosho humwaga vingi. Hapo lauriki na monolaurini huzaliwa kweli, na mtoto mchanga anayenyonya hunufaika, kwa kuwa maziwa ya mama yana lauriki na tumbo la mtoto lina lipesi ya kuivunja. Lakini kwa mtu mzima mambo huenda haraka. Utumbo hufyonza asidi hizo, sehemu hupelekwa moja kwa moja kwenye ini na kuchomwa kama nishati, na nyingine hushonwa upya kuwa trigliseridi kabla hata hazijaingia kwenye damu. Monolaurini haizunguki mwilini ikitafuta vijidudu. Kijiko cha mafuta ya nazi unachokunywa asubuhi hakigeuki dawa kwenye mapafu, kwenye kibofu wala kwenye damu.

Kwenye ngozi hali ni tofauti, na hapa ndipo ninapoona mafuta haya yanastahili heshima. Bakteria wanaoishi juu ya ngozi hutoa lipesi wenyewe ili wavune mafuta ya mwili. Ukijipaka mafuta ya nazi, bakteria kama Staphylococcus aureus huyavunja kwa faida yake, na katika kuyavunja huachia lauriki inayomdhuru mwenyewe. Huko Ufilipino, kwenye utafiti uliochapishwa 2008, watu wazima wenye pumu ya ngozi waligawanywa: wengine walipaka mafuta ya nazi yasiyosafishwa kwa kemikali, wengine mafuta ya zeituni, kwa wiki nne. Upande wa nazi, watu 20 walikuwa na bakteria huyo kwenye ngozi mwanzoni, na mwishoni alibaki naye mmoja tu. Upande wa zeituni walikuwa 12, wakabaki 6. Utafiti mwingine wa huko huko, wa mwaka 2014, uliohusisha watoto 117 wenye ugonjwa huo, ulionyesha kwamba nazi iliituliza ngozi kuliko mafuta yatokanayo na petroli.

Mama mwenye mtoto wa pumu ya ngozi, kwa hiyo, hana sababu ya kuona haya kumpaka mafuta ya nazi kama hayamwashi. Sehemu ya faida inatokana na lauriki, na sehemu inatokana na kuziba tu mianya ya ngozi kavu. Huko Dhaka, Bangladesh, watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti, ambayo karibu hayana lauriki kabisa, walipata maambukizi ya hospitali kwa asilimia 41 chini ya wasiopakwa. Ngozi isiyopasuka ni kinga yenyewe. Ila kitovu cha mtoto mchanga kiachwe kikavu, na jeraha la moto lipozwe kwa maji safi, lisimwagiwe mafuta ya aina yoyote.

Sasa tuulizane kuhusu magonjwa yanayotusumbua sisi tunaoishi kando ya ziwa. Mwaka 1884 Mdenmark Hans Christian Gram alivumbua rangi ya kupaka bakteria ili waonekane kwa darubini, na hadi leo maabara hutumia rangi yake kuwagawa makundi mawili. Kundi linaloitwa Gram chanya lina ukuta mnene juu ya utando mmoja, na asidi ya lauriki huupenya. Hao ndio Staphylococcus na Streptococcus. Kundi la Gram hasi lina utando wa pili kwa nje, uliojaa molekuli za sukari na mafuta zinazozuia asidi hizi kupita. Wanaoleta kipindupindu, taifodi, kuhara damu, pamoja na E. koli anayesababisha UTI nyingi, wote ni Gram hasi. Orodha hiyo ni karibu yote ya magonjwa yanayopita kwenye maji machafu kutoka mwaloni hadi mezani. Hapo lauriki ni dhaifu hata ikiwa tupu maabara, achilia mbali ikiwa imefungwa kwenye mafuta. Kuna walioachana na kanuni hiyo, kama Helikobakta anayeleta vidonda vya tumbo, ambaye hufa kwa lauriki kwenye kisahani ingawa ni Gram hasi. Lakini tumboni kwa binadamu huishi ndani ya ute, na tiba yake bado ni antibayotiki pamoja na dawa za kupunguza asidi.

Kichocho kabisa hakimo. Si bakteria wala virusi. Ni mnyoo, na mabuu yake hupenya ngozi ndani ya dakika chache ukiwa umesimama majini. Nimesikia wavuvi wakishauriana kujipaka nazi kabla ya kuingia kuvuta nyavu. Wasiitegemee. Aliyekwisha kuambukizwa anatibiwa kwa prazikwanteli, na katika mikoa ya ziwa dawa hiyo hugawiwa mashuleni.

Fangasi wanataka umakini. Watafiti wa Ibadan, Nigeria, walichapisha 2007 kwamba mafuta ya nazi yaliwazuia fangasi wa Candida waliowapima maabara, na huko Iceland ilionekana kuwa asidi ya kapriki ndiyo inayowaua kwa kasi zaidi. Lakini Candida si fangasi pekee. Yule anayeleta utangotango, na anayehusika na mba za kichwani, anaitwa Malassezia, na hawezi kujitengenezea asidi za mafuta. Anategemea kulishwa. Kumpaka mafuta mtu mwenye utangotango kunaweza kuwa kumpa fangasi huyo chakula. Mapunye ya watoto nayo hukaa ndani ya unywele wenyewe, ambako mafuta ya kupaka hayafiki; yanahitaji vidonge vya hospitali.

Nifike kwenye lile la virusi, ambalo linaniumiza zaidi. Virusi wa aina fulani huvaa utando wa mafuta: wa mafua makali (influenza), wa malengelenge, na VVU wamo. Wengine hawana, kama rotavirusi anayewaharisha watoto. Lauriki na monolaurini huweza kuuyeyusha utando huo kwenye kisahani, na wale wasio na utando hawaguswi. Kutoka hapo ndipo watu huruka hadi kusema nazi inatibu Ukimwi. Hutajwa jaribio la Manila lililotangazwa mwaka 2000. Lilikuwa na wagonjwa 15, bila kundi la kulinganishia. Hutajwa pia utafiti wa Marekani wa 2009, ambao ulitumia jeli ya monolaurini iliyotengenezwa maabara, ikipakwa kwa nyani majike ili kuzuia wasiambukizwe virusi vya jamii ya VVU. Nyani, si watu. Jeli, si mafuta. Kuzuia, si kutibu. Hakuna popote kwenye maandiko hayo palipoonyeshwa kwamba mtu anaweza kuacha dawa za kufubaza virusi akanywa mafuta akabaki salama. Kwenye kambi za uvuvi za visiwani, ambako kuifuata kliniki ni safari ya boti, neno kama hilo likisemwa na mtu anayeaminika linatosha kumfanya mgonjwa asipande hiyo boti. Aliyelisikia na alipeleke neno hili badala yake: endelea na dawa zako, mafuta paka kwenye ngozi.

Kuhusu kuyala, niseme machache. Kwenye wali wa nazi wa Jumapili hayana ubaya. Lakini uchambuzi wa majaribio 16, uliochapishwa 2020, ulionyesha kwamba mafuta ya nazi hupandisha lehemu mbaya kuliko mafuta ya mimea kama alizeti, ingawa na ile nzuri hupanda kidogo. Anayekunywa vijiko kila siku kwa imani ya kuua vijidudu anaulipia moyo gharama hiyo bila kupata alichokifuata.

Ipo hata hivyo njia moja ambayo lauriki ya nazi hufunguliwa yote, kila jino, na kutumika dhidi ya uchafu na vijidudu kila siku: sabuni. Kinachofanywa na lipesi taratibu juu ya ngozi, kostiki soda hukifanya ndani ya ndoo. Hutenganisha asidi zote na gliseroli na kuzishika kwa sodiamu. Ncha inayopenda maji inakuwa wazi, mkia unabaki kwenye mafuta, na molekuli hiyo hung'oa grisi, uchafu na vijidudu pamoja. Hata yule bakteria wa kipindupindu mwenye utando wa pili huondoka mkononi na maji, kwa kuwa hapa halazimiki kufa, anabebwa tu. Sabuni ya nazi hutoa povu jingi hata kwenye maji ya chumvi, ndiyo maana mabaharia waliipenda.

Kwa akina mama na vijana wa Mwanza wanaochemsha sabuni za vipande, urefu wa meno una maana ya fedha na usalama. Kwa kuwa asidi za nazi ni fupi, kilo moja ya mafuta yake ina molekuli nyingi zaidi, na inahitaji kostiki kama gramu 183 kuvunjika yote. Kilo ya mise inahitaji kama 176, ya mawese kama 141, ya alizeti kama 135. Watengenezaji wenye uzoefu hupunguza kidogo chini ya hapo ili mafuta kiasi yabaki, na huchanganya nazi au mise na mawese, kwa sababu sabuni ya nazi tupu hukausha ngozi. Bei ya mise ikipanda ukahamia alizeti, pima upya kostiki yako kabla ya kumimina. Ukibaki na kipimo kile cha zamani, kila kilo ya mafuta itakuachia gramu 40 za kostiki ambazo hazikupata kitu cha kuvunja, na zitaenda kuvunja mafuta ya ngozi ya mnunuzi.